Krimu inayodai kupunguza umri wa ngozi: naisomaje

Kliniki siku hizi naulizwa sana kuhusu krimu za peptidi (vipande vifupi vya protini), hasa ya OneSkin, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na wanasayansi wanne wanawake kutoka Brazil. Naipa uzito kwa sababu moja: imechapisha utafiti wake kwenye jarida la kisayansi, ukasomeka na kila mtu. Wauza vipodozi wengi hawafiki hapo.

Wazo lenyewe, la kulenga seli zilizozeeka, lina mizizi ya zamani. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Philadelphia walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Seli iliyokoma haifi. Hubaki palepale, ikimwaga kemikali zinazochochea uvimbe na vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee. Seli jirani nazo huharibika. Umri unavyosonga na jua linavyochoma, seli hizi hurundikana kwenye ngozi.

OneSkin wametengeneza peptidi ya amino asidi 10 (viungo vidogo vinavyojenga protini), OS-01, na mwaka 2023 wakaripoti katika jarida la npj Aging kwamba inapunguza mzigo wa seli hizo. Mimi hutazama kwanza majaribio yalifanyiwa wapi. Matokeo yao makuu yalitoka kwenye seli za maabara, ngozi iliyojengwa maabara, na vipande vya ngozi vya watu vilivyotunzwa vikiwa hai nje ya mwili. "Umri" uliopungua ni hesabu ya alama za kikemikali zinazokaa juu ya DNA, kwa kipimo kilichobuniwa na watafiti wa kampuni hiyohiyo. Ni kazi nzuri na natamani iendelee. Ila kipande cha ngozi maabara hakitoki jasho, hakisuguliwi na sabuni, wala hakipigwi na jua la saa saba mchana Dodoma.

Sasa linganisha na utafiti wa Nambour, Australia. Watu wazima 903 waligawanywa: wengine wapake losheni ya kukinga jua kila siku, wengine wapake wapendavyo. Watafiti walichukua chapa ya silikoni ya mgongo wa mkono mwanzoni, kisha tena baada ya miaka minne na nusu, wakahesabu jinsi mistari ya ngozi ilivyochakaa. Matokeo yalitoka mwaka 2013: waliopaka kila siku hawakuonyesha kuzeeka kwa ngozi kunakopimika. Hiyo ni ngozi ya watu wanaoishi, wanaolima, wanaoendesha magari.

Nikitaja magari, mwaka 2012 New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Shavu la upande wa dirisha lilikuwa limekunjamana vibaya kuliko la pili, kwa kuwa miale ya UVA, aina ya miale ya jua isiyoonekana, hupenya kioo. Kwetu usukani uko kulia. Madereva, angalieni shavu la kulia.

Ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana kwa sababu ya melanini, rangi ya asili ya ngozi. Kinachotusumbua zaidi ni madoa, na hayo huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana. Ndiyo maana nawashauri wenye madoa watafute losheni ya jua yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma. Tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, nayo ina ushahidi wa miaka mingi kwenye nyuso za watu, ila siwapi wajawazito, na kwa ngozi yetu naanza taratibu kwa sababu mwasho huacha weusi.

Anayetaka peptidi simzuii, mradi losheni ya jua asiikose. Ninayemzuia ni anayeipaka juu ya mkorogo wa kujichubua. Mkorogo wenye steroidi huikondesha ngozi na kuimaliza kolajeni ileile anayoilipia. Asiuache ghafla, maana uso unaweza kuwaka na kujaa vipele; aje tuupunguze kidogo kidogo.