Gharama za ardhi na kazi: kwa nini Mombasa inakua kuelekea Mtwapa na Mariakani

Mwekezaji anayetafuta mahali pa kujenga huuliza bei ya kiwanja, kisha mshahara wa vibarua. Wengi huzichukulia hesabu hizo kama mbili tofauti. Mimi naziona ni moja: kiwanja kikipanda bei, kodi ya chumba hufuata, na mfanyakazi aliyeshindwa na kodi hudai nyongeza, au huhamia mbali na kuacha sehemu ya mshahara kwa makanga wa matatu.

Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1826 Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alieleza kwamba shamba hupungua thamani kadiri linavyokuwa mbali na soko, kwa sababu ya gharama ya kusafirisha mazao. Mchumi William Alonso aliihamishia mjini mwaka 1964: anayefaidika zaidi na ukaribu ndiye atakayekuwa tayari kulipia zaidi kiwanja cha katikati. Wengine husogea pembeni.

Kisiwa cha Mombasa kina kilomita za mraba 14 hivi, na bahari hairudi nyuma. Kwa hiyo benki na mawakala wa forodha hung'ang'ania mjini, huku maghala na yadi za makontena, yanayokula nafasi kubwa, yakienda Changamwe, Miritini na kuendelea hadi Mariakani, ambayo tayari ni kaunti ya Kilifi. Huko kuna jambo jingine: serikali ya Kenya hupanga mshahara wa chini kabisa kwa ngazi. Nairobi, Mombasa na Kisumu zimo ngazi ya juu, miji midogo hufuata, na maeneo mengine yako chini kabisa. Kuvuka mpaka wa kaunti kunaweza kupunguza bei ya ardhi na mshahara wa kuanzia kwa pamoja.

Lakini urahisi wa bei peke yake haujengi mji. Ingekuwa hivyo, viwanda vingejaa Ganze na Kinango, huko mashambani. Mchumi Mwingereza Alfred Marshall aliandika mwaka 1890 kwamba biashara zikikaa pamoja hupata mafundi wenye ujuzi, wauzaji wa vipuri na habari za kazi kwa wepesi. Ndiyo sababu upanuzi hufuata barabara kuu, umeme na njia ya bandarini, haurukii porini.

Pwani ina desturi inayosahaulika katika hesabu hizi: nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwenzake na kumlipa kodi ya ardhi. Nyumba za namna hiyo, zenye vyumba vya kupangisha kwa bei nafuu karibu na kazi, zimewasaidia waajiri wa Mombasa kulipa mishahara midogo kwa miaka mingi, ingawa sijasikia mwajiri akishukuru. Ardhi ikipata mnunuzi mkubwa, mwenye nyumba hubaki na mabati na mbao, na wapangaji wake husogea Kisauni au Mtwapa, nje ya kisiwa. Kuanzia hapo gharama ya kazi hupanda, hata kama hakuna aliyeongezwa shilingi: saa za foleni na nauli lazima zilipwe na mtu.

Barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na upande wa Kwale bila kupitia feri ya Likoni, inafanya kinyume: inapunguza umbali. Kiwanja kilichokuwa mbali kinakuwa karibu, na faida hiyo humfikia kwanza mwenye hati ya kiwanja.