Maduka kumi bajaji moja, ruti uipangeje?

Sisi tunaofundisha hesabu za mipango hapa Dodoma tunaulizwa sana hili: nina bajaji ya kusambaza mikate, wateja wametawanyika, nianzie wapi nimalizie wapi? Wengi wanadhani kompyuta inajaribu mipangilio yote halafu inatoa ile fupi, lakini hesabu inagoma. Maduka 10 tu yanapangika kwa namna 3,628,800, ukikagua moja kila sekunde bila kulala unamaliza baada ya siku 42, na yakiwa 15 ni zaidi ya miaka 41,000!

Ndo maana tunatumia hyuristiki, yaani kanuni nyepesi inayokupa jibu zuri mapema hata kama haikuhakikishii kwamba ndo bora kuliko yote.

Nyepesi kabisa ni kwenda duka la karibu ambalo hujafika. Unatoka Majengo, Area D, Kisasa, Nzuguni, Ihumwa, unafika Mtumba ndo unakumbuka Kizota, upande wa pili wa mji, barabara ya Singida huko, uliiacha kwasababu kila uliposimama kulikuwa na duka la karibu zaidi. Kanuni hii inaona hatua moja tu mbele.

Kwahiyo usiishie hapo. Chora ruti nyuma ya daftari la mauzo, uangalie mistari inapokatana au kurudi ilikotoka, kipande hicho ukigeuze. Kama unapita Area D, Nzuguni, Kisasa, Mtumba, jaribu Area D, Kisasa, Nzuguni, Mtumba, pima upya, kilomita zikipungua baki nayo zisipopungua rudisha, rudia mpaka hamna mgeuzo unaosaidia. G. A. Croes aliiandika mbinu hii mwaka 1958 na mpaka leo inatumika.

Kuna wakati unakwama, kila mgeuzo unaongeza kilomita na bado ruti fupi zaidi ipo. Mwaka 1983 Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi walichapisha mbinu iliyoiga metali inavyopozwa taratibu, mwanzoni unakubali hata mabadiliko mabaya halafu unazidi kubana mpaka unakubali mazuri tu, hiyo iachie kompyuta.

Ila tafadhali sana, pima kwa barabara unayopita kweli, sio mstari wa ramani, mvua za Januari korongo likijaa unazunguka mbali. Na duka la jirani na shule linalotaka mikate kabla ya saa moja asubuhi liweke la kwanza, ndo uanze kugeuza mengine.