Makato ya benki: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

Malipo ya tumbaku yakishaingia kwenye akaunti huko Urambo, Sikonge na Kaliua, lawama ni ile ile: benki zinaishi kwa makato yetu.

Dhana: Faida ya benki inatokana na makato.

Makato yanauma, hasa kwa mwenye akiba ndogo. Lakini kwa benki nyingi, fungu kubwa la mapato ni riba ya mikopo. Tuseme umeweka shilingi 1,000,000 na unalipwa asilimia 2 kwa mwaka, yaani 20,000. Fedha hiyo ikikopeshwa kwa asilimia 15 inaleta 150,000. Ile 130,000 ya katikati si faida yote: humo mna mishahara, ulinzi, gari la kupeleka fedha wilayani na mikopo isiyorudi. Mvua ikigoma, mikopo ya pembejeo hurudi kwa shida. Tena amana haikopeshwi yote. Sehemu yake hubaki Benki Kuu kwa mujibu wa sheria.

Dhana: Kila kinachokatwa ni cha benki.

Hapana. Tangu Julai 2016 ada za huduma za benki zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Ukitoa pesa kwa wakala, naye ana kamisheni yake.

Dhana: Benki Kuu ikishusha riba, mkopo wangu unashuka.

Si lazima. Riba ya Benki Kuu ilianza Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Inaongoza riba ambayo mabenki hukopeshana kwa muda mfupi; riba ya mkopo wako imo kwenye mkataba wako.

Riba zikipanda, mikopo mipya hupanda bei huku akaunti ya akiba ikikawia kuongezwa. Hapo benki hunufaika, na kwa maoni yangu hapo ndipo mwekaji mdogo anapopunjwa kuliko kwenye makato anayoyalalamikia. Ila benki inayotegemea amana za matajiri na taasisi hubanwa, maana hao hudai riba nono mapema.

Kwa hiyo, kama fedha ya tumbaku hutaihitaji hadi msimu ujao, ulizia akaunti ya muda maalumu. Riba yake kwa kawaida inazidi ya akiba, na unaweza kuijadili kabla ya kusaini. Kwenye riba hiyo itakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10.