Je, wajua kwa nini mabingwa wengi wa tenisi ya wawili-wawili wametokea vyuo vya Marekani?

Tazama walionyanyua kombe la wanaume wawili-wawili Wimbledon hivi karibuni. Mwaka 2024 alikuwemo Mwingereza Henry Patten, aliyesoma UNC Asheville. Mwaka 2025 wakafuata Julian Cash, aliyepitia Oklahoma State, na Lloyd Glasspool wa Texas. Joe Salisbury wa Memphis na Rajeev Ram wa Illinois walitwaa US Open mara tatu mfululizo, 2021 hadi 2023. Mapacha Bob na Mike Bryan walikuwa mabingwa wa vyuo mwaka 1998 wakiwa Stanford, kisha wakashinda mataji makuu 16 pamoja. Upande wa mchezaji mmoja kwa mmoja, orodha kama hii ya miaka ya karibuni huipati.

Sababu ya kwanza ni jinsi mechi ya vyuo inavyopangwa. Katika ligi ya juu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, timu mbili hugombea pointi saba, na anayefikisha nne kwanza ameshinda. Pointi sita ni za mechi za mmoja kwa mmoja. Ya saba ni ya wawili-wawili, na ndiyo inayochezwa mwanzo: jozi tatu kwa tatu, viwanja vitatu kwa wakati mmoja, seti moja tu ya gemu sita. Chuo kinachoshinda viwanja viwili kati ya vitatu huchukua pointi. Kwa kuwa pointi hiyo moja huamua mechi nyingi zinazokwenda 4–3, makocha huitengea muda mkubwa wa mazoezi. Kijana wa umri huohuo anayezunguka mashindano peke yake hufanya mazoezi ya wawili-wawili akikumbuka.

Kingine ni hesabu ya gemu. Vyuoni, ikifika 40–40 hakuna tena kutafuta tofauti ya pointi mbili. Huchezwa pointi moja ya kuamua, na wapokeaji ndio wanaochagua nani kati yao apokee. Mashindano ya kulipwa ya wawili-wawili, ukiacha yale makuu manne, yanatumia sheria hiyohiyo, na seti ya tatu hubadilishwa kwa taibreka (gemu fupi ya kuamua) ya pointi 10. Anayehitimu akiwa na miaka 22 anakuwa ameshazicheza pointi hizo hadi amezizoea, tena huku wenzake wakipiga kelele viwanja vya jirani.

Mbinu wanazojifunza ni za kina. Chukua ule mpangilio ambao mwenza wa anayepiga sevu huchuchumaa karibu na wavu, katikati kabisa ya uwanja, ili mpokeaji asijue atakimbilia wapi. Kabla ya sevu huficha mkono mgongoni na kutoa ishara mbili: mpira uelekezwe wapi, na yeye ataelekea upande gani. Sevu ikitua karibu na mstari wa katikati, mpokeaji hukosa pembe, na mpira wake hurudi palepale mwenza anapokatiza. Ikipotea ikaenda pembeni, mpango mzima umevunjika: mpokeaji amepata pembe pana, mtu wa wavuni tayari amekimbilia kwingine, na njia iko wazi. Ndiyo maana jozi nzuri hupunguza kasi ya sevu kidogo ili ipige mahali palipokubaliwa. Mashabiki hupenda kutazama nguvu. Humu ndani kinacholipa ni usahihi.

Sasa tuje kwenye sehemu chungu. Ukimaliza chuo, ngazi ya chini kabisa ya wanaume ni mashindano ya shirikisho la tenisi la kimataifa (ITF) yanayoitwa M15, yenye zawadi ya jumla ya dola 15,000 kwa wachezaji wote. Kwa mgawanyo uliotumika kwa miaka kadhaa, bingwa wa mmoja kwa mmoja hupata dola 2,160. Jozi bingwa hupata dola 930, yaani 465 kila mtu, kabla ya kodi. Jozi inayotolewa raundi ya kwanza hugawana dola 108. Toa hapo nauli, chumba, chakula na kufunga nyuzi za raketi. Mashindano yenye alama ya H hutoa malazi, lakini mengi hayana. Ndiyo sababu wengi hukaa wiki kadhaa mahali pamoja kama Monastir, Tunisia, ambako M15 hufuatana wiki baada ya wiki: tiketi moja ya ndege, mashindano matano au sita.

Lakini mtego mkubwa kuliko pesa ni orodha ya kuingia. Droo ya M15 ina jozi 16 tu. Jozi hupangwa kwa kujumlisha nafasi za wawili hao kwenye viwango vya dunia, na mchezaji anaruhusiwa kutumia kiwango chake kizuri zaidi, kiwe cha mmoja kwa mmoja au cha wawili-wawili. Tuseme wewe ni wa 400 na mwenzako wa 350: jumla 750. Wakija wawili wanaocheza mmoja kwa mmoja, wa 210 na wa 240, jumla yao ni 450. Wanaingia wao, hata kama hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Nyinyi mtabaki mbadala, mkingoja jozi ijitoe. Na hujitoa kweli: aliyefika mbali kwenye mmoja kwa mmoja huchoka, akaacha wawili-wawili. Heri hiyo iwe kwa mpinzani. Ikiwa ni mwenza wako, safari yako yote imekwenda bure.

Kwa hiyo anayetaka kuishi kwa kazi hii lazima aihame M15 upesi. Bingwa wa M15 hupata pointi 15 za viwango vya dunia. Bingwa wa Challenger 75, mashindano ya ngazi ya juu zaidi, hupata 75, sawa na mataji matano ya ngazi ya chini. Na pointi hudumu wiki 52 tu. Akili ya kawaida ya chuoni ni kuanza kukusanya pointi wakati wa likizo ya Juni hadi Agosti, ukiwa bado mwanafunzi, ingawa kwa miaka mingi kanuni za NCAA zimemruhusu mwanafunzi kubaki na zawadi ya kufidia gharama tu.

Kwetu njia hii inajulikana. Angella Okutoyi wa Kenya alishinda Wimbledon ya wasichana wawili-wawili mwaka 2022 akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, kwa taibreka ya mwisho 11–9, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki, ufadhili wa chuo ni viwanja, kocha, daktari na mechi za kila wiki bila kulipia tiketi.

Kuchelewa kuanza hakuui sana upande huu, kwa sababu unakimbia nusu ya uwanja. Ram alitwaa ile US Open ya 2023 akiwa na miaka 39.

Jambo moja zaidi ambalo wanaoanza hulisahau: pointi ni za mtu, si za jozi. Cash na Patten walicheza pamoja mwaka 2022 na kubeba mataji 10 ya Challenger katika msimu mmoja. Kisha wakaachana, kila mmoja na kiwango chake mkononi. Patten alipata Wimbledon yake na Mfini Harri Heliövaara, na mwaka uliofuata Cash akapata yake na Glasspool.