Maji ya Mbeya Huchemka Kabla ya Nyuzi 100

Nilipoanza kufundisha sayansi katika shule moja ya msingi mjini Mbeya, niliwaagiza wanafunzi wachemshe maji na kusoma kipimajoto kila baada ya dakika moja. Vikundi vyote viliishia kwenye nyuzi 94, au juu yake kidogo. Kwa kuwa nilikuwa nimekariri kwamba maji huchemka katika nyuzi joto 100, niliwaambia kuwa vipimajoto ni vibovu, nikaandika 100 ubaoni. Wanafunzi ndio waliokuwa sahihi.

Maji hugeuka mvuke hata yakiwa baridi, lakini kwenye uso wake tu, na ndiyo maana nguo hukauka kambani bila kuchemshwa. Kuchemka huanza pale mvuke unapoweza kufanya mapovu ndani ya maji yenyewe, na mapovu hayo hayawezi kukua mpaka kanieneo (yaani nguvu ya msukumo) ya mvuke uliomo ifikie ile ya hewa inayoyakandamiza maji kutoka juu. (Vipovu vidogo vinavyong'ang'ania kuta za sufuria mapema ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, si dalili ya kuchemka.) Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, hewa hukandamiza sana, hivyo maji hulazimika kufika nyuzi 100. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na hewa iliyo juu yake ni pungufu. Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda hushusha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1 hivi. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka karibu na nyuzi 80.

Swali linalowakwaza wanafunzi, na walimu pia, ni hili: maji yakishachemka, ukiongeza kuni jotoridi litapanda? Darasa karibu zima hujibu ndiyo, ilhali kipimajoto hakisogei. Joto linaloendelea kuingia hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni kubwa mno: kuigeuza kilo 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuipandisha kilo hiyo hiyo kutoka nyuzi 0 hadi 100. Hapa ndipo ninapotenganisha maneno mawili tunayoyachanganya kila siku: joto ni nishati inayoingia sufuriani, jotoridi ni kiasi cha umoto wa maji ambacho kipimajoto hukisoma.

Kwa hiyo anayechochea moto chini ya maharage yanayotokota anamaliza mkaa na maji tu, na maharage ya Mbeya yatachelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam hata moto uwe mkali namna gani. Presha kuka hulitatua jambo hili kwa kuubana mvuke mpaka maji yafike karibu nyuzi 120. Jiwe juu ya mfuniko wa sufuria ya kawaida halifiki huko, kwani mvuke hupenya pembeni.

Mwalimu atakayejaribu zoezi hili aangalie kwamba ncha ya kipimajoto haigusi kitako cha sufuria, ambacho huwa cha moto kuliko maji, kisha aandike ubaoni namba ambayo wanafunzi wameisoma.