Mwalimu mwenye duka: kuandika wasifu wa marehemu bila kuacha nusu ya maisha yake

Wasifu wa marehemu unaosomwa misibani kwetu Tanzania una mpangilio ambao karibu kila mtu anaujua: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa na watoto, kuugua, kufariki, kisha dua au maneno ya kumwombea pumziko. Mimi ni mwanahistoria, na kwa miaka mingi nimekuwa nikizisaidia familia kukusanya na kuandika maisha ya wazee wao. Katika mpangilio huo iko sentensi moja inayonisumbua kuliko zote, nayo huwekwa mwishoni mwa aya ya kazi: "Pia marehemu alijishughulisha na biashara ndogondogo." Kwa mwalimu wa kizazi cha Azimio la Arusha, maneno hayo machache hufunika nusu ya maisha yake, na mara nyingi ni ile nusu iliyowalisha na kuwasomesha hao hao wanaousikiliza wasifu.

Nitaeleza kwa mfano wa mwalimu mmoja wa mkoa wa Morogoro, ambaye familia yake iliniomba niandike wasifu mrefu wa kusomwa siku ya arobaini. Jina lake nalihifadhi. Rasimu niliyokabidhiwa ilitaja kila shule aliyofundisha na kila cheo alichopanda, lakini duka lake halikuwa hata na mwaka wa kufunguliwa. Watoto wake walilikumbuka vizuri; hakuna aliyejua lilianza lini, wala kwa nini leseni ya kwanza iliyokutwa sandukuni ilikuwa na jina la baba yao mdogo.

Jibu la jina hilo limo katika masharti ya uongozi ya mwaka 1967. Azimio liliwakataza viongozi wa TANU na wa Serikali, pamoja na watumishi wa ngazi za kati na za juu, kujihusisha na mambo ya kibepari: kuwa na hisa katika makampuni, kuwa wakurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi na kuwa na nyumba za kupangisha. Tena lilifafanua kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mke wake au mume wake, kwa hiyo kuandikisha mali kwa jina la mke hakukuwa kinga. Mzee huyu alikuwa mwalimu mkuu na alishika nafasi katika tawi la chama kijijini. Kwa maelezo ya mjane wake, hakutaka kukiaibisha chama alichokiamini kwa dhati, wala hakuweza kutosheka na mshahara wenye midomo tisa ya kulisha, na ndipo mdogo wake alipoandikishwa kuwa mwenye duka. Sioni unafiki katika jambo hilo. Naona mtu aliyebanwa na mapenzi mawili ya kweli, na wasifu unaolificha unamnyima heshima anayostahili.

Baada ya hapo kila pengo katika karatasi zake lilianza kusema. Daftari la duka linakatika mwaka 1976, mwaka wa Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji. Lilipoanza tena, kurasa zake ni chache na bidhaa ni haba, na mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, halina hata mstari mmoja, kwa kuwa siku zile mtu aliyekutwa na katoni chache za sabuni aliweza kuitwa mlanguzi. Biashara ilipolegezwa kuanzia bajeti ya mwaka 1984, na zaidi baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu mwishoni mwa 1985, kurasa zinajaa. Leseni yenye jina lake mwenyewe ni ya mwaka 1992, baada ya maamuzi ya chama tawala, CCM, yaliyofikiwa Zanzibar mwaka 1991 kuyaondoa masharti yale ya uongozi.

Daftari lenyewe ningetamani kila mjukuu wake alishike. Limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu, safu kwa safu, sawasawa na daftari la mahudhurio la shule. Manunuzi makubwa karibu yote yako mwisho wa mwezi, kwa sababu safari ya kufuata mshahara wilayani ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa safari ya kwenda duka la jumla. Katika safu ya madeni kuna sukari, mafuta ya taa na viberiti, lakini pia kuna madaftari na kalamu walizokopeshwa wazazi mwezi Januari, na mengi ya madeni hayo yamefutwa kwa mstari mmoja bila kuandikwa kwamba yalilipwa. Ukitaka kujua alikuwa mwalimu wa namna gani, ukurasa huo unaeleza zaidi ya orodha ya vyeo.

Tena daftari lina miandiko miwili. Mwalimu hakuweza kuwa darasani na dukani kwa wakati mmoja. Saa za vipindi aliyepima sukari na kuandika madeni alikuwa mkewe, ambaye katika rasimu ya kwanza alitajwa mara moja tu, kwenye tarehe ya ndoa. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 na ada za sekondari zikarudi, yeye ndiye aliyekuwa akitenga fedha za ada kwenye kopo kabla ya fedha za mzigo. Kijana wao mkubwa alipendelea aya ya duka iwe fupi, akiona kwamba ualimu una heshima zaidi. Mama aliomba asomewe yote, akasahihisha miaka miwili niliyokuwa nimeiandika kimakosa familia ilipokuwa ikinisimulia, akaongeza jina la kijiji ambako duka lilikuwa kabla hawajahamishwa, na aya ikabaki na urefu wake.