Mbona wanawake peke yao?

Katika kazi yangu ya elimu ya afya ya jamii, kisa ninachokitumia mara nyingi kufundishia ni cha Kenya mwaka 2014. Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilikuwa ikiwachanja pepopunda wanawake wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wakasema chanjo hiyo imetiwa hCG, homoni ya mimba, ili wanawake wasizae.

Wengi hudhani uvumi hupata nguvu kwa sababu watu hawajasoma. Mimi naangalia kwanza nani kasema. Kanisa hilo lina hospitali na zahanati nchi nzima. Mama aliyesikia onyo kwenye misa huenda mwanawe alizaliwa na kuchanjwa humo humo. Tena maaskofu walisema wazi kuwa hawapingi chanjo zote. Anayepinga kila kitu ni rahisi kumpuuza. Anayekuchanjia watoto miaka yote, kisha akasema "hii moja, hapana", utampuuzaje?

Na waliuliza maswali ambayo mtu yeyote angeuliza. Mbona wanawake tu, tena wa umri wa kuzaa? Kwani wanaume hawakanyagi misumari? Mbona sindano hadi tano?

Majibu yapo. Aliyelengwa hasa ni mtoto mchanga, anayeweza kupata pepopunda kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu. Mama akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto angali tumboni, na dozi tano humlinda kwa miaka yake yote ya kuzaa. Hata hofu ya homoni haikutoka hewani: India kuliwahi kufanyiwa utafiti chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha hCG na chanjo ya pepopunda, ili mwili uishambulie homoni hiyo na mimba isishike. Hiyo ni chanjo nyingine kabisa, lakini ukimficha mtu habari hiyo halafu akaikuta mwenyewe kwenye simu, umekwisha. Kuhusu vipimo vya maabara ambavyo maaskofu walivitaja kuwa ushahidi, vingi vilikuwa vya kupimia sampuli za binadamu, havikutengenezwa kupima chanjo.

Watu walichosikia zaidi, hata hivyo, ni "chanjo ni salama". Kauli ya kweli, ila haimjibu anayeuliza "mbona sisi?" Mwaka 2015 maaskofu walitaka hata kampeni ya polio isusiwe, na 2017 Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, akalirudia dai la pepopunda mbele ya waandishi wa habari.

Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza Kenya mwaka 2019, ililenga wasichana wa miaka 10, na swali likawa lile lile. Manesi ninaowafundisha nawaambia wasingoje kuulizwa. Waanze na saratani ya mlango wa kizazi, waeleze kwa nini dozi hutolewa kabla msichana hajakutana na kirusi, ndipo waje kwenye usalama. Na azungumze nesi wa kliniki ya pale pale, anayejulikana kwa jina. Mgeni wa kutoka wizarani akae nyuma.